Kubishana na Kukaribisha: Ulinganisho wa Washairi wa Metafizikia na Washairi Wakavalia katika Uingereza ya Karne ya 17

Ikisiri

Makala haya yanalinganisha mikondo miwili ya ushairi wa Kiingereza wa karne ya 17: mkondo wa Metafizikia, unaohusishwa na John Donne, George Herbert, Henry Vaughan, Richard Crashaw na Andrew Marvell, na mkondo wa Wakavalia, unaohusishwa na Robert Herrick, Thomas Carew, John Suckling na Richard Lovelace. Mafunzo mengi ya fasihi huitofautisha mikondo hii kwa maudhui: wa kwanza husemwa kuwa wa dini na fikra nzito, wa pili wa mapenzi na anasa. Makala haya yanaonyesha kwamba kigezo hicho hakitoshi, na yanapendekeza kigezo kingine, yaani uhusiano wa nafsineni na anayeambiwa. Mshairi wa Metafizikia hubishana na mtu ambaye bado hajakubali; Mkavalia humkaribisha mtu ambaye tayari ni mwenzake. Hoja hiyo inajaribiwa kwa jozi mbili za mashairi, kisha inapimwa dhidi ya tukio lililotikisa mikondo yote miwili: vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1642 hadi 1651.

Maneno ya msingi: Metafizikia, Wakavalia, nafsineni, nafsinenewa, sitiari, vita vya wenyewe kwa wenyewe

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi anayeanza kusoma ushairi wa Kiingereza wa karne ya 17 aghalabu hupewa jedwali lenye safu mbili. Katika safu ya kwanza huandikwa: Metafizikia, dini, mantiki, lugha ngumu. Katika safu ya pili huandikwa: Wakavalia, mapenzi, starehe, lugha nyepesi. Jedwali hilo lina faida yake, kwa kuwa humsaidia mwanafunzi kukumbuka. Lakini mwanafunzi huyo akiyafungua mashairi yenyewe, jedwali huanza kumponyoka. Donne, anayetajwa kuwa kinara wa Metafizikia, aliandika mashairi ya mapenzi ya kimwili ambayo ni ya wazi kuliko mengi ya Wakavalia. Herrick, anayetajwa kuwa Mkavalia, alikuwa kasisi wa kijijini, na diwani yake ya mwaka 1648 ilifungwa pamoja na mkusanyiko mzima wa mashairi ya dini. Maudhui, basi, hayawezi kuwa mpaka wa mikondo hii.

Swali linalobaki ni hili: je, upo mpaka wowote wa kweli, au majina haya mawili ni mazoea tu ya wahakiki? Makala haya yanashikilia kwamba mpaka upo, ila haupo pale unapotafutwa kwa kawaida. Haumo katika kile mshairi anachokizungumzia, bali katika yule anayezungumza naye na namna anavyomchukulia. Ili kuufikia mpaka huo, ni lazima kwanza kuyachunguza majina yenyewe, maana hayo ndiyo chanzo cha mkanganyiko.

2.0 Majina mawili na asili zake

Hakuna hata mmoja kati ya washairi wanaoitwa wa Metafizikia aliyejiita hivyo. Jina hilo walipewa na wahakiki waliokuja baadaye, tena kwa kulaumiwa. Mwaka 1693, miaka zaidi ya sitini baada ya kifo cha Donne, John Dryden alilalamika kwamba mshairi huyo aliingiza mambo ya metafizikia hata katika mashairi ya mapenzi, mahali ambapo moyo ulipaswa kusema. Samuel Johnson, katika kitabu chake cha maisha ya washairi kilichoanza kutoka mwaka 1779, aliligeuza lalamiko hilo kuwa jina la kundi. Akimzungumzia Abraham Cowley, aliwalaumu washairi hao kwa kulazimisha fikra zilizo mbali mbali kukaa pamoja. Lawama iligeuka kuwa sifa katika karne ya 20. Herbert Grierson alichapisha toleo la kitaalamu la mashairi ya Donne mwaka 1912 na mkusanyiko wa mashairi ya Metafizikia mwaka 1921. Katika mwaka huohuo T. S. Eliot, akiuhakiki mkusanyiko huo, alidai kwamba kwa washairi hawa kufikiri na kuhisi vilikuwa bado kitu kimoja.

Jina la Wakavalia lina historia tofauti kabisa. Asili yake ni neno la Kilatini la farasi, na maana yake ya awali ni mpanda farasi. Katika mvutano kati ya Mfalme Charles I na Bunge, wafuasi wa Bunge walilitumia kama tusi kwa wafuasi wa mfalme, wakiwaona kuwa askari wenye majivuno na fujo. Wafuasi wa mfalme nao waliwaita wapinzani wao vichwa vya mviringo, kwa sababu ya nywele zao fupi. Wahakiki wa baadaye ndio waliolichukua jina hilo la kisiasa na kuwavika washairi waliohusishwa na baraza la mfalme.

Hapa ndipo tatizo linapojitokeza. Jina la kwanza ni la mtindo wa kufikiri. La pili ni la utii wa kisiasa. Kuvilinganisha viwili hivyo kana kwamba ni nusu mbili za kitu kimoja ni sawa na kuwagawa watu katika makundi ya warefu na wakulima: mtu mmoja anaweza kuwa katika yote mawili. Ndivyo ilivyokuwa. Cowley, ambaye Johnson alimfanya kielelezo cha Metafizikia, alimfuata malkia uhamishoni Ufaransa na kumtumikia huko. Crashaw alipoteza nafasi yake Cambridge kwa sababu ya msimamo wake wa kidini na akafia Italia mwaka 1649. Vaughan alikuwa upande wa mfalme. Kwa kipimo cha siasa, wote watatu ni Wakavalia. Kwa upande mwingine, Carew alifariki mwaka 1640, na Suckling naye alifia Ufaransa kabla vita havijaanza rasmi Agosti 1642. Wawili hao wanaitwa kwa jina la vita ambavyo hawakuviona.

Kwa hiyo, mhakiki anayetaka kuyatumia majina haya kwa haki hana budi kuyapa kigezo kimoja cha pamoja. Sehemu mbili zinazofuata zinaeleza kigezo cha nafsineni na nafsinenewa, yaani sauti inayosema ndani ya shairi na yule anayesemeshwa.

3.0 Metafizikia: shairi kama mabishano

John Donne alizaliwa London mwaka 1572 katika familia ya Kikatoliki, wakati ambapo Ukatoliki ulikuwa hatari. Mdogo wake, Henry, alikufa gerezani mwaka 1593 baada ya kukamatwa kwa kumficha padri. Donne mwenyewe alipanda hadi kuwa katibu wa Sir Thomas Egerton, mmoja wa maafisa wakuu wa dola, kisha akaipoteza kazi hiyo na kufungwa kwa muda mfupi kwa kumwoa Anne More kwa siri mwishoni mwa mwaka 1601. Alipewa daraja la ukasisi katika Kanisa la Uingereza mwaka 1615, na mwaka 1621 akawa Mkuu wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo. Huyu ni mtu ambaye karibu kila hatua ya maisha yake ilimlazimu kujieleza: kwa dola, kwa mkwewe, kwa dhamiri yake na kwa Mungu. Alisomea sheria katika taasisi ya mawakili ya Lincoln's Inn, na alama ya kesi na utetezi inaonekana katika mashairi yake.

Shairi la Donne huanza mara nyingi katikati ya mazungumzo, kana kwamba msomaji amefungua mlango na kukuta ubishi umepamba moto. Anayeambiwa hajakubali. Anaweza kuwa mwanamke anayesitasita, rafiki anayemkataza mshairi kupenda, jua linaloingia chumbani bila hodi, au kifo chenyewe. Nafsineni huleta hoja, huona pingamizi likija, hulijibu, kisha hugeuza mwelekeo. Katika shairi lake maarufu kuhusu kiroboto, mdudu aliyewauma wapenzi wawili hufanywa ushahidi kwamba damu zao zimekwisha kuchanganyika. Mwanamke anapomuua mdudu huyo, na hivyo kuiangusha hoja, nafsineni haishindwi: huuchukua ushindi wa mwanamke na kuugeuza kuwa hoja mpya. Tendo hilo la mwanamke, linalotokea kati ya ubeti mmoja na mwingine, ni muhimu sana. Linaonyesha kwamba nafsinenewa katika shairi la Metafizikia ana uwezo wa kukataa.

Katika mazingira hayo, sitiari hufanya kazi ya hoja. Wahakiki wamezoea kuzishangaa sitiari za Donne kwa sababu ya umbali wa vitu vinavyolinganishwa: wapenzi na bikari, mwili wa mgonjwa na ramani. Lakini umbali huo una sababu yake. Hoja iliyozoeleka haimbadilishi mtu aliyekwisha kuamua. Hoja isiyotarajiwa humfanya asimame na kufikiri. Sitiari ya Metafizikia ni ndefu kwa sababu inathibitishwa hatua kwa hatua, kama mwalimu wa jiometria anavyothibitisha kanuni yake ubaoni.

George Herbert (1593–1633) aliuhamishia ubishi huo kanisani. Alikuwa Msemaji Mkuu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, kazi ambayo ingeweza kumfikisha katika vyeo vya juu vya dola, lakini mwaka 1630 aliingia katika usharika mdogo wa Bemerton, karibu na Salisbury. Diwani yake, *The Temple*, ilichapishwa Cambridge mwaka 1633, miezi michache baada ya kifo chake. Msomaji anayetarajia utulivu wa mchungaji hukuta mtu anayegombana na Mungu. Katika shairi liitwalo "The Collar", nafsineni hulalamika, hudai haki zake na kutishia kuondoka, na mishororo yenyewe hupoteza mpangilio, mirefu na mifupi ikigongana, vina vikichelewa kufika. Mwishoni sauti moja fupi huita, na ubishi wote huisha. Utii unaofikiwa hapo una thamani kwa sababu umepitia ukaidi.

Mtindo huu ulikuwa na gharama katika arudhi. Hapa inafaa kukumbuka tofauti moja ya msingi. Mizani katika ushairi wa Kiswahili huhesabiwa kwa silabi; katika Kiingereza, pamoja na silabi, huhesabiwa mkazo, yaani silabi nzito na nyepesi zinazopishana. Donne aliuvunja mpishano huo mara kwa mara ili mshororo ufuate mwendo wa mtu anayesema kwa hamaki. Ben Jonson, akizungumza na mshairi wa Uskoti William Drummond karibu na mwanzo wa mwaka 1619, alisema kwa ukali wa mzaha kwamba Donne alistahili kunyongwa kwa kutoutunza mkazo. Katika mazungumzo hayohayo alimsifu kuwa mshairi wa kwanza duniani katika baadhi ya mambo. Kauli hizo mbili kutoka kinywa kimoja zinatupeleka kwenye mkondo wa pili.

4.0 Wakavalia: shairi kama mwaliko

Ben Jonson (1572–1637) alikuwa rika la Donne, na ndiye mwalimu wa Wakavalia. Vijana walimzunguka katika mikahawa ya London, hasa katika chumba kilichoitwa Apollo, wakajiita wana wa Ben au kabila la Ben. Jonson aliwafundisha kuwatazama washairi wa Kilatini kama Horatius na Martialis, na kuamini kwamba shairi ni kazi ya mikono inayopigwa msasa hadi ing'ae. Kati ya mashairi aliyoyachapisha mwaka 1616 limo moja ambalo ni mwaliko wa chakula cha jioni. Linataja vyakula vitakavyokuwapo, vitabu vitakavyosomwa, na ahadi kwamba mezani hapatakuwa na wapelelezi wa kupeleka maneno. Shairi hilo linaweza kuchukuliwa kuwa mama wa mkondo wote. Anayeambiwa hashawishiwi kwa hoja. Anaandaliwa nafasi.

Huo ndio mkao wa Mkavalia. Nafsineni na nafsinenewa wake wanatoka katika jamii moja: wamesoma vitabu vilevile, wanajua nyimbo zilezile, wanakubaliana mapema kwamba urafiki, divai, uzuri na utii kwa mfalme ni mambo mema. Shairi halina haja ya kuthibitisha hayo; kazi yake ni kuyasema vizuri. Ndiyo maana shairi la Kikavalia ni fupi, lina mishororo laini, na mengi yake yalitiwa muziki. Henry Lawes, mwanamuziki wa baraza la mfalme, alitunga muziki wa mashairi ya Carew na ya wenzake. Wimbo hauwezi kusimama katikati ili kujibu pingamizi. Unahitaji wasikilizaji waliokwisha kuketi.

Wakavalia wenyewe hawakufanana. Carew alikuwa mhudumu wa meza ya Mfalme Charles I, na mashairi yake yana umaridadi wa mtu anayejua kwamba neno moja lisilofaa laweza kumgharimu nafasi yake. Suckling alikuwa mcheza kamari mashuhuri, na sauti yake ni ya dhihaka, kama ya mtu asiyetaka kuonekana amejitahidi. Lovelace alikuwa mwana wa familia ya kijeshi ya Kent. Herrick, mwana wa sonara aliyejifunza ufundi huo kwa mjomba wa ukoo wa baba yake, aliishi mbali na baraza la mfalme, katika usharika wa Dean Prior huko Devon. Lakini mashairi yake mafupi, zaidi ya elfu moja katika *Hesperides*, yamesuguliwa kama vito. Kinachowaunganisha ni imani kwamba adabu ya shairi ni sehemu ya adabu ya kuishi.

5.0 Jozi mbili za mashairi

5.1 Kuagana

Izaak Walton, mwandishi wa kwanza wa maisha ya Donne, alieleza kwamba shairi "A Valediction: Forbidding Mourning" aliandikiwa mkewe wakati Donne alipokuwa akijiandaa kwa safari ya Ulaya mwaka 1611. Lina beti tisa za mishororo minne. Nafsineni anamtaka mpenzi wake asilie, na anampa sababu moja baada ya nyingine: watu wema hufa kimya, mitikisiko ya mbinguni ni mikubwa kuliko tetemeko la ardhi lakini haileti madhara, dhahabu ikifuliwa hutanuka bila kukatika, na mwisho, wapenzi wawili ni miguu miwili ya bikari, mmoja ukisimama katikati na mwingine ukizunguka, ule wa katikati ukiinama kuelekea unaosafiri. Wingi huo wa sababu unaonyesha jambo ambalo shairi halilitamki waziwazi: anayeambiwa bado analia. Kama angekuwa amefarijika kwa hoja ya kwanza, za baadaye zisingehitajika.

Lovelace naye ana shairi la kuaga, "To Lucasta, Going to the Wars", lililochapishwa mwaka 1649. Lina beti tatu tu, jumla ya mishororo kumi na miwili. Askari anamwambia mpenzi wake asimwite mkatili kwa kumwacha. Anakiri kwa utani kwamba sasa anamkimbilia mpenzi mwingine, yaani adui vitani. Kisha anamwambia kwamba hata yeye ataupenda usaliti huo, kwa sababu mapenzi yao yamesimama juu ya heshima. Kuna dalili ya hoja hapa, lakini hoja hiyo haithibitishwi. Mshairi haelezi heshima ni nini wala kwa nini ipite mapenzi. Anachukulia kwamba Lucasta anajua, kwa kuwa wote wawili ni watu wa ulimwengu mmoja. Uzuri wa shairi umo katika imani hiyo, na hatari yake imo humohumo. Msomaji asiyeamini katika heshima ya askari hana mlango wa kuingilia.

5.2 Wakati unaopita

Jozi ya pili inahusu wazo la kale la Kirumi kwamba mtu aitumie siku yake kabla haijapita. Herrick analitoa wazo hilo kwa wanawali wengi kwa pamoja, katika beti nne zenye mwendo wa wimbo. Waridi hunyauka, jua hushuka, ujana hupita. Basi waolewe wakati ungalipo. Hakuna anayepinga. Ushauri wenyewe unaishia katika ndoa, yaani katika utaratibu wa jamii unaokubalika. Ni sauti ya mzee wa kijiji siku ya sikukuu.

Marvell, katika "To His Coy Mistress", anazungumza na mwanamke mmoja ambaye amekwisha kukataa. Shairi lake lina sehemu tatu zinazofuata muundo wa mantiki: kama tungekuwa na wakati wa kutosha, ningekusubiri; lakini hatuna; kwa hiyo tusingoje. Sehemu ya kwanza inacheka, ya pili inatisha kwa taswira za kaburi, ya tatu inaharakisha. Wazo ni lilelile la Herrick, na hata mkao wa kimapenzi unafanana. Kinachotofautiana ni anayeambiwa. Herrick ana hadhira inayotikisa kichwa kukubali. Marvell ana mtu mmoja anayetikisa kichwa kukataa. Kutokana na tofauti hiyo hufuata nyingine zote: urefu, muundo, aina ya sitiari, na hata ukali wa sauti.

6.0 Vita na mtihani wa mikondo yote miwili

Kigezo kizuri cha uhakiki hakina budi kueleza jambo ambalo kigezo cha zamani hakikuweza kulieleza. Kigezo cha maudhui kiliwaacha Wakavalia wakionekana watu wepesi, walioimba huku nchi ikiungua. Kigezo cha nafsinenewa kinaonyesha kitu kingine.

Ikiwa shairi la Kikavalia linategemea jamii iliyokwisha kukubaliana, basi vita vilivyoivunja jamii hiyo viliugusa msingi wa ushairi huo. Lovelace alifungwa Westminster mwaka 1642 kwa kuwasilisha bungeni ombi la watu wa Kent lililomuunga mkono mfalme, na akafungwa tena mwaka 1648. Shairi lake kwa Althea, linalohusishwa na kifungo cha kwanza, linasifu divai, mapenzi na mfalme kwa sauti ileile ya mkahawani. Ila sasa mkahawa ni gereza. Mwaliko unatolewa mahali ambapo hakuna anayeweza kuja. Wepesi wa shairi hilo ni njia ya kukataa kwamba kuta zimeshinda.

Herrick alifukuzwa katika usharika wake mwaka 1647 kwa sababu ya utii wake kwa mfalme, na akachapisha *Hesperides* mwaka uliofuata. Humo mna mashairi ya sherehe za Mei Mosi, mavuno na Krismasi. Mwaka 1644 Bunge lilikuwa limeagiza nguzo za kuchezea ngoma za Mei ziondolewe, na mwaka 1647 likaifuta sikukuu ya Krismasi. Huenda mengi ya mashairi hayo yalitungwa zamani, wakati sherehe hizo zilikuwa jambo la kawaida. Lakini kitabu kilipotoka, kila mwaliko wa kwenda kuchuma maua ulikuwa mwaliko wa jambo lililokatazwa. Januari 30, 1649, mfalme mwenyewe alikatwa kichwa, na meza ambayo ushairi huo uliizunguka ikabaki bila mwenyeji.

Upande wa Metafizikia pia haukusalimika. Vaughan, aliyeishi Wales, alimchukua Herbert kuwa mwalimu wake na kuyarudia hata majina ya baadhi ya mashairi yake katika *Silex Scintillans* ya mwaka 1650. Tofauti ni kwamba Herbert alibishana na Mungu ndani ya kanisa lililokuwapo, lenye altare, madirisha na kalenda ya sikukuu. Kitabu cha Sala cha Kanisa la Uingereza kilikuwa kimepigwa marufuku mwaka 1645, na Vaughan aliandika baada ya hapo. Anamtafuta Mungu usiku, mlimani, kwenye chemchemi na katika kumbukumbu za utoto. Ubishi wa Herbert hupata jibu. Wa Vaughan mara nyingi hungoja.

Kwa hiyo, vita vililigeuza shairi la mwaliko kuwa shairi la uaminifu, na shairi la mabishano kuwa shairi la kungoja.

7.0 Waliovuka mpaka

Mpaka unaopendekezwa hapa una milango. Mashairi ya Donne yalipochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1633, miaka miwili baada ya kifo chake, kitabu hicho kilikuwa na mashairi ya maombolezo kutoka kwa waliomheshimu. Bora kati yake ni la Carew. Katika shairi hilo Mkavalia huyu mstaarabu anaacha ulaini wake wa kawaida, anavunja mishororo yake na kutumia sitiari nzito, akimsifu marehemu kwa namna ya marehemu mwenyewe. Hilo linadhihirisha kwamba washairi hawa walisomana, na kwamba namna ya kubishana ilikuwa ujuzi ambao mtu wa kundi jingine aliweza kuuazima alipouhitaji.

Marvell alivuka kutoka upande wa pili. Aliandika shairi la kumsifu Lovelace lililotangulizwa katika diwani ya *Lucasta* mwaka 1649. Mwaka uliofuata alitunga ode ya Kihoratio kuhusu kurudi kwa Oliver Cromwell kutoka Ireland. Ode hiyo ina umbo la kiasi lililopendwa na wanafunzi wa Jonson, lakini ndani yake mna mizani ya hoja ya Metafizikia: Cromwell anasifiwa kwa nguvu zake, na mfalme anasifiwa kwa utulivu wake mbele ya shoka, bila mmoja kumfuta mwingine. Diwani ya Marvell ilipotoka mwaka 1681, miaka mitatu baada ya kifo chake, ode hiyo iliondolewa karibu katika nakala zote. Shairi lililokataa kuchagua upande halikupata nafasi katika nchi iliyokuwa bado inakumbuka pande.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba majina ya Metafizikia na Wakavalia yana asili tofauti, moja ikiwa lawama ya wahakiki kuhusu mtindo na nyingine tusi la kisiasa, na kwamba kuyalinganisha bila kuyapa kigezo cha pamoja huleta mkanganyiko. Kigezo cha nafsinenewa kinaondoa sehemu kubwa ya mkanganyiko huo. Kinaeleza kwa nini mashairi yenye mada moja hutofautiana, kwa nini sitiari ya mkondo mmoja ni ndefu na ya mwingine ni fupi, na kwa nini vita viliiumiza mikondo hii kwa namna mbalimbali.

Ufafanuzi huu una funzo kwa uhakiki wa Kiswahili pia. Mgogoro wa wanamapokeo na wanausasa, uliopamba moto katika miaka ya 1970, nao uliacha majina yaliyotokana na mvutano, na majina hayo yangali yanatumika darasani kana kwamba ni maelezo timilifu ya mashairi. Vina na mizani vilichukuliwa kuwa mpaka. Kwa nadra iliulizwa ni nani anayeambiwa, na kama amekwisha kukubali au la. Mwalimu anayeanza somo lake kwa swali hilo, badala ya jedwali lenye safu mbili, atawapa wanafunzi wake nafasi ya kuusikia ubishi wa Donne kama ubishi, na mwaliko wa Herrick kama mwaliko uliotolewa wakati milango ilikuwa inafungwa.